Tatuu ya nyusi: kuanzia siku ya kwanza mpaka rangi ikae

Shoga, kama umetoka saluni leo na nyusi mpya, umejitazama kwenye kioo ukaona kama umepakwa masizi ya chungu, usilie na usianze kusugua. Zinakuwa hivo. Mimi nililia, tena nikampigia simu dada aliyenichora saa tano za usiku, kwa sababu hakuna aliyekuwa kanambia mapema kwamba rangi ya siku za mwanzo siyo rangi utakayobaki nayo. Sasa kila mwenye harusi kwao ananiuliza mimi, wadogo zangu, mawifi, mpaka jirani, basi leo nayaandika yote.

Kwanza ujue ulichofanyiwa. Hii siyo piko wala hina, zile zinakaa juu juu na baada ya wiki mbili zimekwenda zake. Hapa ngozi imechanjwa kwa visindano na wino umeingia ndani, kwa hiyo ulichonacho usoni ni kidonda, kidogo lakini kidonda, na ndivo utakavyokitunza.

Siku ile ile panakuwa pekundu, panavimba kidogo, unahisi kama umeunguzwa na jua la mchana. Yanatoka na majimaji mepesi. Hayo usiyaache yakaukie pale, mana yakikauka yanafanya gaga nene, na gaga nene likibanduka linaondoka na wino wake. Nawa mikono kwa sabuni, chukua pamba au kitambaa safi, kiloweshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kikamue, halafu gusa gusa taratibu, usivute. Kama fundi kakupa mafuta ya kupaka, kiasi cha punje moja ya mchele kwa nyusi zote mbili kinatosha. Watu wanapaka mengi wakidhani ndo dawa inafanya kazi, kumbe kidonda kinakosa hewa na kinabaki kibichi.

Siku ya pili mpaka ya nne ndo zinakoza zaidi. Nyeusi tii, pana kuliko ulivyotaka, na kila anayekuona anauliza. Vumilia, usitoke sana kama unaweza.

Halafu kuanzia kama siku ya tano hadi ya kumi panaanza kuwasha na kubanduka, na hapa ndo wengi wanaharibu. Vigaga vinatoka vipande vipande, upande mmoja umeshapauka mwengine bado mweusi, na mkono unakwenda wenyewe hata hujijui. Mimi nilikibandua kimoja upande wa kushoto nikiwa naangalia tamthilia, kidogo tu, na pale pale pakabaki pengo jeupe mpaka niliporudi kuchorwa mara ya pili. Pakiwasha piga piga kwa juu na kidole safi, usikune. Kigaga kinachoning'inia kiache, kitaanguka.

Baada ya hapo inakuja hatua inayotisha kuliko zote: zinapotea. Wiki ya pili unaamka unakuta nyusi zimepauka kama hazijawahi kuchorwa, na unaanza kuhesabu pesa zako. Wino haujaondoka. Juu yake imeota ngozi mpya ambayo bado ina ukungu, ndo inauficha. Ngozi ikikomaa, wiki ya tatu, ya nne, rangi inaanza kurudi pole pole, laini zaidi kuliko siku ya kwanza. Kwa hiyo usikimbilie kwa fundi mwengine wiki ya pili akuongeze wino juu ya kidonda. Subiri wiki sita.

Sasa tuje kwenye mambo ya kwetu Zanzibar, mana maelekezo ya kwenye video yametengenezwa kwa watu wa nchi za baridi.

Jasho. Ukifanya wakati wa kaskazi, mwezi wa kwanza au wa pili, jasho linashuka usoni tangu saa tatu asubuhi, lina chumvi, linachoma na rangi inatoka vibaya. Miezi ya kipupwe, wa sita mpaka wa nane, ni afadhali sana. Na jikoni usiinamie sufuria la wali linalotoa mvuke wala usikae juu ya moshi wa mkaa, wiki mbili mwachie mtu mwengine. Chetezo cha udi pia kiweke mbali na uso.

Nikabu na ushungi. Hili hakuna aliyelisema na mimi naliona kubwa. Kamba ya ninja, hiyo nikabu, inapita karibu kabisa na nyusi, na ukingo wa ushungi nao, vinasugua kutwa nzima. Funga juu zaidi kwenye kipaji cha uso, tumia kitambaa laini kilichofuliwa, na foronya nayo ibadilishe. Lala chali.

Bahari usiiguse mpaka ngozi ifunge yote, si chini ya wiki mbili. Dada yangu alipanda boti ya kwenda Pemba siku ya nne, akakaa nje, marasharasha yote usoni, alipofika Wete nyusi zinamchonyota. Jua pia, tembea na mwavuli, na zikishapona paka losheni ya kukinga jua, mana jua ndo linazipausha mapema.

Udhu sasa. Hukmu ya tatuu yenyewe siyo mimi wa kuitoa, mashekhe wetu wengi wanaikataza na wamelisema wazi, na vipi utatia udhu ukiwa na kidonda usoni kamuulize shekhe wako kabla hujakaa kwenye kiti, siyo baada.

Na usiweke dawa za nyumbani. Singo ya kumsugulia bi harusi, manjano, asali, habasoda, mafuta ya nazi, vyote ni vizuri mahali pake lakini si juu ya ngozi iliyochanjwa. Bi harusi akisingwa, somo wake, yule mama anayemfunda, aambiwe aruke kipaji cha uso.

Kama piko iliwahi kukuvimbisha au kukutoa malengelenge, mwambie fundi kabla, akujaribu kidogo nyuma ya sikio kwanza. Mwambie pia kama una sukari, una mimba, unanyonyesha, unatumia dawa za kulainisha damu, au makovu yako huwa yanatuna. Na sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, mpya. Sindano iliyotumika kwa mwengine inaweza kukupa homa ya ini au virusi vya ukimwi, kwa hiyo usione haya kusema "nionyeshe pakiti". Akinuna, inuka uondoke.

Maumivu yanatakiwa yapungue kila siku. Ukiona yanazidi baada ya siku ya tatu, wekundu unatanuka, panatoka usaha wa njano au kijani, panakuwa pamoto, au homa imeingia, usingoje na usimtumie fundi picha akupe ushauri, nenda kituo cha afya au hospitali ya Mnazi Mmoja siku hiyo hiyo. Ni karibu na macho pale.

Ukiwa na harusi, hesabu vizuri. Kwa harusi ya Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, chora mwanzoni mwa Mfunguo Mosi, ule wa kwanza, baada ya wiki sita unarudi kujaziwa palipopungua, na zile siku za kubanduka zinakuja tena ingawa mara hii nyepesi, halafu una nafasi ya kupumua kabla ya siku yenyewe. Siku ya kurudi nenda bila wanja, uso mtupu, na picha ulizojipiga kila wiki kwenye mwanga wa dirishani, ili fundi aone wapi wino ulishika na wapi ulikataa.