Kuondoa nywele kwa leza na mwanga: somo kwa ngozi zetu nyeusi

Wanawake wenzangu, na kaka zetu mnaosoma kimya kimya, leo natimiza ahadi yangu ya kuwaeleza kuhusu leza ya nywele. Haipiti wiki bila mtu kuingia saluni kwangu hapa Ngamiani, Tanga, akakaa pembeni mpaka wateja wengine watoke, kisha akateremsha mtandio anionyeshe kidevu. "Dada, nimechoka kunyonyoa." Namwelewa. Mimi nilianza kung'oa ndevu kwa kibano nikiwa na miaka 19, kila alfajiri dirishani, kioo mkono mmoja, kabla mtu hajaamka. Nilipopata hela ya leza nikakimbilia kliniki ya kwanza niliyoiona, nikaungua. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyasoma, na mengine nimeyalipia kwa ngozi yangu.

Hatua ya kwanza: elewa mwanga unatafuta nini

Mwanga unatafuta weusi, basi. Ule weusi wa unywele, melanini, unaumeza mwanga na kuugeuza joto, joto linashuka hadi kwenye shina na kuliunguza. Wazo la kuchagua mwanga unaopiga kitu kimoja na kuacha kilicho jirani lilichapishwa mwaka 1983 na watafiti Rox Anderson na John Parrish wa Boston, Marekani. Lakini jirani wa unywele ni ngozi, na ngozi yetu nayo ina melanini tele. Mzungu mwenye nywele nyeusi kazi yake ni nyepesi, mwanga unapita kwenye ngozi bila kushikwa. Kwetu sisi unakuta weusi juu na weusi chini. Ukilishika hilo, yaliyobaki yote utayaelewa.

Jambo lingine ni neno "milele". Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inawaruhusu wenye leza waseme "upungufu wa kudumu wa nywele", yaani zinapungua na hazirudi kwa wingi wa mwanzo. Kuondoa kwa kudumu kabisa kunatajwa kwa sindano ya umeme tu, ile inayoingizwa kwenye kitundu cha kila unywele mmoja mmoja. Daktari wa macho Charles Michel wa St. Louis aliitumia mwaka 1875 kwa kope zilizoota kuelekea ndani ya jicho. Inachosha, lakini haichagui rangi ya ngozi wala ya unywele. Ngozi ya kuota makovu manene tu ndiyo itahadhari nayo.

Hatua ya pili: tafuta chanzo kabla ya mashine

Kama hedhi yako haieleweki, chunusi hazikauki, na ndevu zimeanza ukubwani, nenda hospitali ya Bombo kwanza ukamwone daktari. Inawezekana ni vifuko vya mayai vyenye shida ya homoni, na hilo lina vipimo vyake na dawa zake. Zikija ghafla, nyingi, na sauti inakuwa nzito, usisubiri hata wiki. Ukichoma nywele huku homoni zinaotesha nyingine, unachota maji kwa pakacha.

Na mkorogo, jamani. Baadhi ya krimu za kujichubua zina steroidi, na steroidi ikipakwa usoni muda mrefu inaweza kuotesha malaika, vile vinyweleo laini, wengi kuliko uliokuwa nao. Nimeona mabinti wanaopaka krimu asubuhi na kunyoa jioni, hawajui kimoja kinakizaa kingine.

Hatua ya tatu: uliza mashine kabla ya bei

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Niliuliza shilingi ngapi, sikuuliza chochote kingine.

Urefu wa mawimbi ya mwanga hupimwa kwa nanomita, kipimo kidogo sana cha urefu. Kadiri namba inavyopanda, mwanga unashikwa kidogo zaidi na weusi wa ngozi ya juu, na unazama chini zaidi. Leza ya alexandriti ni 755, nzuri kwa ngozi nyeupe, kwetu ni hatari. Ya dayodi iko karibu na 800 hadi 810, ngozi ya maji ya kunde inaweza kuivumilia ikiwa mikononi mwa mtu anayeijua kazi. Ya Nd:YAG, ambayo wengi wanaiita YAG tu, ni 1064, na hiyo ndiyo salama kuliko zote kwa ngozi nyeusi. Haiwahi kama zile nyingine, utahitaji uvumilivu, lakini utarudi nyumbani na uso wako.

IPL siyo leza. Ni taa kali inayomwaga mawimbi mengi kwa pamoja, toka kama 500 hadi 1200, yakichujwa kwa kioo. Ndiyo niliyopigwa. Yule dada hakuniuliza kitu, alinipaka jeli ya baridi, akaweka kichwa cha mashine kidevuni, akabonyeza. Pigo la kwanza niliruka. Akasema ni kawaida. La tatu nikasikia harufu ya kuungua ambayo haikuwa ya nywele, nikamshika mkono. Kesho yake nilikuwa na mistatili mitatu kuanzia kidevuni mpaka kwenye taya, kona zake zimenyooka kama zimepigwa rula, ukubwa uleule wa kioo cha mashine. Ikatoa malengelenge, ikakauka, ikawa myeusi ti.

Basi ukifika popote, uliza: hii mashine ni ya aina gani, namba ya mwanga wake ni ngapi, umewahi kuitumia kwa ngozi kama yangu, na nikiungua daktari wenu ni nani? Akikwambia "inafaa ngozi zote" bila kukutajia namba, beba mkoba wako uondoke. Kwa ushauri wa kwanza tafuta daktari wa ngozi. Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi, na Muhimbili wapo.

Hatua ya nne: maandalizi

Wiki nne hadi sita kabla, acha kung'oa. Si kibano, si uzi, si sukari na ndimu, si nta. Mwanga unafuata unywele mpaka kwenye shina; ukishaung'oa, hauna njia ya kushukia. Wembe ruksa, maana unakata juu na kuacha shina mahali pake. Wenye kuamini wembe unanenepesha nywele, hapana, ni ncha tu imekuwa butu.

Sisi watu wa Tanga tuna jambo letu: hina na piko. Piko ni weusi mtupu, na mwanga haujui kwamba lile ua kwenye muundi limechorwa jana kwa ajili ya harusi ya binamu. Utaliunguza pamoja na ngozi chini yake. Subiri lifutike kabisa, hina nayo vilevile. Chale ya wino, tatuu, haipigwi leza ya nywele kamwe. Singo na liwa havina neno ilimradi vimeoshwa, usije na manjano usoni.

Mkorogo uache wiki kadhaa kabla. Mtaje daktari kila dawa unayotumia, ikiwemo antibiotiki ya doksisaiklini, kwa sababu inaifanya ngozi iumizwe na mwanga kirahisi. Mwenye mimba asubiri ajifungue.

Na jua. Ngozi iliyotoka kuungua jua haifanyiwi. Mimi huwashauri watu waanze wakati wa kusi, mawingu yapo na jua limepoa, kuliko kuanza katikati ya kaskazi na safari za baharini Raskazone.

Hatua ya tano: doa la majaribio

Papigwe mahali padogo, chini ya sikio au penye kujificha, kisha usubiri. Ngozi nyeusi huchelewa kuonyesha madhara, kwa hiyo siku mbili hazitoshi. Mimi nasema wiki mbili. Anayekataa kukufanyia jaribio anaharakia hela.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Nyoa jana yake. Njoo bila mafuta, bila udi, bila manukato. Miwani ya kukinga macho ni lazima kwako na kwake, na nyusi upande wa chini, karibu na jicho, hapapigwi. Maumivu yake ni kama tone la mafuta linaporuka ukiwa unakaanga bajia: limekupiga, limekwisha. Kidevu na kinena huuma zaidi. Mashine nzuri inapoza ngozi kabla ya pigo na baada yake.

Krimu ya ganzi usijipake mwenyewe mwili mzima na kujifunga nailoni. Mwaka 2007 FDA ilitoa onyo baada ya wasichana wawili Marekani kufariki kwa kupaka ganzi nyingi miguuni wakijiandaa na leza hii hii.

Ukimaliza utaona vivimbe vidogo kuzunguka kila kinyweleo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Hiyo ni dalili njema, vinashuka kwa saa chache, au siku moja mbili. Lengelenge si dalili njema.

Hatua ya saba: baada yake

Kitambaa cha maji baridi, losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, na mtandio. Usisugue kwa dodoki. Nywele zitaonekana kama zinaota, kumbe zinasukumwa nje. Zitadondoka ndani ya wiki mbili tatu. Unarudi baada ya wiki nne hadi sita kwa uso, sita hadi nane kwa mwili, kwa sababu nywele haziamki zote pamoja, na mwanga huua zile zinazokua tu. Hesabu mara sita hadi nane, kisha moja ya kukumbushia kila mwaka au zaidi.

Maswali ya wanachama

Bi harusi mtarajiwa, Chumbageni: Shikamoo somo. Harusi yangu bado miezi miwili. Naweza kumaliza kwapa na miguu?

Marahaba mwanangu, na hongera. Kumaliza huwezi. Miguu iache, maana utachorwa piko. Kwapa unaweza kupigwa mara moja sasa ukishapita jaribio. Uso usiguse kabisa, picha za harusi hazirudiwi. Sukari na ndimu zitakutosha kwa siku hiyo.

Kaka wa Muheza: Dada, mimi ndevu si shida, shida vipele. Kinyozi akinipitia tu, shingo inajaa.

Kaka, nywele zetu zimejipinda, zikikatwa karibu sana zinageuka na kuchoma ngozi upya. YAG imewasaidia wengi wenye hilo. Ila ujue ndevu zitapungua kweli, siku ukitaka kuzifuga hazitajaa tena. Kwa sasa mwambie kinyozi aache milimita moja, asivute ngozi, na asipitishe mashine kinyume cha zinavyoota.

Mama mmoja, Pongwe: Mwanangu, zangu za kidevu ni nyeupe tupu. Na mimi leza itanifaa?

Shikamoo mama. Hapana, usipoteze hela yako. Mvi haina weusi wa kushika mwanga. Sindano ya umeme ndiyo yake, au wembe mdogo tu.

Mwanachama, Makorora: Nimeagiza kifaa cha nyumbani mtandaoni. Nikikiweka mkononi hakiwaki. Rafiki kanifundisha kukibandika karatasi nyeupe kiwake.

Usifanye hivyo, nakuomba. Kina jicho linalosoma rangi ya ngozi, na kimeona yako imezidi kiwango chake. Kinakukataa kwa usalama wako. Kirudishe.

Mwanachama, Pangani: Mbona mimi baada ya mara tatu shavuni zimeongezeka?

Hutokea kwa baadhi yetu, hasa usoni na shingoni, pembezoni mwa palipopigwa. Simamisha, urudi kwa daktari, apime homoni na aangalie nguvu ya mwanga iliyotumika.

Mwanachama, Mikanjuni: Somo, zile alama zako zilitoka?

Miwili ilififia baada ya miezi kumi na minne hivi, kwa dawa ya daktari na kukimbia jua. Wa tatu, ule wa chini ya mdomo, bado upo. Nikikaa mlangoni jioni mwanga ukiingia upande, wateja wanauona.