Kuunda gari la spoti nyumbani Uingereza: mwongozo kwa asiyewahi kufungua injini

Nchini Uingereza sheria inamruhusu mtu yeyote, awe fundi au asiwe, kununua fremu na vipuri, kuviunganisha katika gereji ya nyumbani kwake, na mwishowe kupewa namba halali za usajili na kuliendesha gari hilo barabarani. Desturi hii ilipata nguvu kuanzia mwaka 1957, Colin Chapman wa Lotus alipotoa gari dogo la Lotus Seven, ambalo mnunuzi aliweza kulichukua likiwa vipandevipande na kuliunganisha mwenyewe, na kwa njia hiyo akaepuka kodi ya ununuzi iliyotozwa magari yaliyokamilika. Nafuu hiyo ya kodi ilikoma mwaka 1973, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kulitengeneza gari hilo, ambalo linauzwa hadi leo likiwa na umbo lilelile kwa sehemu kubwa. Kwa Mswahili aishiye Leicester, Reading au kwingineko nchini humo, mwenye gereji ndogo na subira ya kutosha, kazi hii inawezekana kabisa, na ninaamini ni mojawapo ya njia bora za kulielewa gari kwa ndani.

Kabla hujanunua hata nati moja, soma kitabu cha ukaguzi. Gari lililoundwa nyumbani hupimwa na wakaguzi wa DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari, katika ukaguzi wa gari mojamoja uitwao IVA, na mwongozo wanaoufuata umewekwa wazi kwenye tovuti ya serikali, bila malipo. Waanzaji wengi huuacha mpaka gari limekamilika, kisha hulazimika kubomoa walichokwisha kukifunga na kukipaka rangi. Aliyeusoma mapema hujua tangu siku ya kwanza mahali taa zinapopaswa kuwa, namna mikanda ya usalama inavyoshikizwa, na kingo zipi zifunikwe, na kila uamuzi wake katika gereji huwa umekwisha kuelekezwa mahali panapostahili.

Uamuzi mkubwa wa pili ni aina ya seti utakayonunua. Njia ya kwanza ni seti kamili yenye vipuri vipya, kama ile ya Caterham, ambayo huja na fremu iliyokwisha kuchomelewa, bodi, injini, giaboksi na waya zilizofungwa tayari. Kampuni hukadiria kazi yake kuwa ya saa zisizozidi mia moja hivi, ingawa anayeanza anapaswa kujipa muda zaidi bila aibu. Njia ya pili ni kununua fremu na bodi mpya, kisha kuchukua injini, giaboksi, difu (inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) na vinginevyo kutoka kwenye gari moja kuukuu. Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza hupendwa sana kwa kazi hii, kwa sababu bodi yake huliwa na kutu chini ya milango huku injini na difu vikiwa bado vizima, na vilevile kwa sababu injini yake imekaa mbele na kuendesha magurudumu ya nyuma, kama magari haya madogo yanavyohitaji. Njia hii ni nafuu kwa fedha lakini ni ghali kwa muda, maana kila kipuri lazima kisafishwe, kikaguliwe na mara nyingi kifanyiwe ukarabati kabla ya kufungwa. Kwa mtu asiyewahi kushika spana kabisa, ninapendekeza ya kwanza iwapo uwezo unaruhusu. Kama hauruhusu, basi nunua gari kuukuu ambalo bado linawaka na kutembea, uliendeshe mwenyewe, na ulisikilize vizuri kabla ya kulivunja. Hifadhi hati zake za usajili, kwa kuwa umri wa injini ukithibitishwa kwa maandishi, moshi wake utapimwa kwa kiwango cha umri huo wala si cha gari jipya.

Gereji ya gari moja inatosha. Vifaa vya lazima ni jeki ya magurudumu, stendi nne za chuma, seti nzuri ya soketi na spana, drili, kifaa cha kufungia ribiti (pini za kuunganishia mabati), na spana maalumu inayopima nguvu ya kukaza. Winchi ya kuinulia injini ikodishwe kwa siku itakapohitajika. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota kitu. Weka kizima moto karibu na mlango, na kila unapovua kipuri kipige picha kikiwa mahali pake, kisha tia bolti zake katika mfuko wenye jina. Picha hizo na risiti zote zitahitajika pia kuthibitisha kwamba gari umeliunda wewe, na vilivyomo vimetoka wapi.

Kazi yenyewe kwa kawaida huanzia kwenye sasipensheni na usukani, na hapa kuna jambo moja ambalo waanzaji hulipuuza. Bolti zinazopita katika bushi za mpira, yaani vipande laini vilivyo kwenye viungo vya sasipensheni, hazikazwi kabisa gari likiwa juu ya stendi. Zikaze kwa vidole tu, na uzikaze kwa nguvu iliyoandikwa baada ya gari kushuka kwenye magurudumu yake likiwa na uzito wake wote, kwa kuwa bushi iliyokazwa wakati sasipensheni inaning'inia hubaki imejipinda, huharibika mapema, na kulifanya gari likae kwa urefu usio sahihi. Nati zenye nailoni ndani zitumike mara moja tu. Kila nati iliyokwisha kukazwa kwa kipimo itie alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti; ikilegea baadaye, mstari huo utakatika na utauona kwa jicho.

Breki zinastahili muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Katika seti nyingi utakata na kukunja paipu mwenyewe, na ile inayofaa ni ya shaba iliyochanganywa na nikeli, kwa kuwa hupindika kwa urahisi na haishiki kutu. Ikate kwa kikata paipu wala si kwa msumeno, ondoa mabaki yaliyo mdomoni, ipulize, kisha vika nati yake kabla ya kutanua mdomo, maana baada ya kuutanua nati haitapita tena. Tazama mdomo uliotanuliwa kwenye mwanga mkali: uwe mviringo kamili, usio na ufa wala mkwaruzo, na ukiwa na shaka ukate uanze upya, kwa kuwa sentimita chache za paipu hazina thamani mbele ya breki zinazovuja. Ishikize paipu kwenye fremu kwa klipu zilizokaribiana, mbali na bomba la moshi na mbali na kila kinachozunguka. Wakati wa kutoa hewa kwenye paipu za breki, mtu mmoja akanyage pedali na mwingine afungue vali ya kutolea hewa iliyo kwenye breki ya gurudumu, mkianza na lililo mbali zaidi na pampu kuu na kumalizia na lililo karibu. Tumia oili mpya ya breki kutoka kwenye chupa ambayo haijakaa wazi, kwa sababu hufyonza unyevu wa hewani, na ifute mara moja ikidondoka, kwani hula rangi.

Injini na giaboksi huingia pamoja vikiwa vimeunganishwa, vikishuka kutoka juu kwa pembe, giaboksi ikitangulia. Funika kingo za bodi kwa blanketi, na uwe na mwenzako wa kuongoza. Kwa upande wa umeme, matatizo mengi ya anayeanza hutokana na waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye fremu, uliofungwa juu ya rangi. Kwangua mahali hapo mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu yake ili kuzuia kutu. Waya zishikizwe angalau kila milimita 300.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, vua plagi zote, zuia umeme wa plagi na mafuta visifike kwenye injini, kisha izungushe kwa stata hadi geji ionyeshe presha ya oili. Ikishaonekana, rudisha kila kitu, jaza rejeta, na uwashe milango ya gereji ikiwa wazi.

Sasa urejee kwenye mwongozo wa IVA ukiwa na rula mkononi. Kingo nyingi za nje ambazo tufe la milimita 100 linaweza kuzigusa hutakiwa ziwe na mviringo usiopungua milimita 2.5, na ndiyo maana utaona magari haya yakienda kwenye ukaguzi yakiwa na vifuniko vya plastiki juu ya nati na utepe wa mpira kwenye kingo za bodi. Spidomita isionyeshe kasi ndogo kuliko ile halisi. Usukani nao unapaswa kuonyesha dalili ya kurudi katikati wenyewe gari linapotoka kwenye kona, na kwa kuwa gari ni jepesi sana mbele, hili hutegemea mpangilio wa magurudumu. Lipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kulipima. Ukishindwa usivunjike moyo, kwani mkaguzi hukupa orodha ya kasoro kwa maandishi, na wengi hupita mara ya pili.

Cheti cha IVA hupelekwa DVLA, wakala wa serikali wa usajili wa magari, pamoja na fomu ya V627/1, risiti na picha, na bima iwe tayari. Namba zikishafika, endesha kwa upole, na baada ya maili hamsini kaza upya nati za magurudumu kwa kipimo. Kisha lipandishe gari kwenye stendi, upite na tochi chini yake ukitazama kila alama ya rangi uliyoitia, na kila kiungo cha paipu ya breki kama kina unyevu.