Ngamia Pembezoni mwa Nairobi: Mpe Maji Ingawa Anavumilia

Siku hizi si ajabu kumsikia mkazi wa Nairobi mwenye shamba Kitengela au Isinya akiulizia ngamia wa maziwa. Soko lipo: Eastleigh hupokea maziwa kwa basi kutoka mbali kama Isiolo. Mwenye ploti ya hamsini kwa mia asahau, maana ngamia hula majani ya migunga na vichaka, tena akitembea.

Shida kubwa ni imani kwamba mnyama huyu hahitaji maji. Nundu ina mafuta, si maji. Kinachomwokoa jangwani ni figo zinazotoa mkojo mchache na mzito, chembe nyekundu za damu zenye umbo la yai ambazo hazipasuki hata akigugumia zaidi ya lita 100, na mwili unaoacha joto lipande mchana ili asitoe jasho ovyo. Hayo humweka hai tu. Maziwa yana hesabu yake.

Ngamia jike mwenye kiu haachi kutoa maziwa; huyatoa yakiwa na maji mengi zaidi na mafuta kidogo, ndama asife kiu. Mnunuzi akiyaonja atasema umeyachakachua, na utajitetea vipi? Anayekamuliwa awekewe maji kila siku, anywe au asinywe.

Joto hilo la mwili huwababaisha hata wahudumu waliozoea ng'ombe. Ngamia aliyekosa maji aweza kuwa na nyuzi 34 alfajiri na 40 alasiri bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo mpime kabla jua halijachomoza, uandike, siku kadhaa mfululizo. Akiwa na homa alfajiri, huku amekonda na hali chakula vizuri, mwite daktari wa mifugo achukue damu. Huenda ni surra, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na nzi wanaouma, na nzi hao huzidi baada ya mvua.

Mvua yenyewe ni adui. Unyayo wake ni mpana na laini, umeumbiwa mchanga; kwenye udongo mweusi wa Kitengela uliolowa, miguu ya nyuma hutanuka, akaanguka, na wengine hawainuki tena. Mwaga changarawe zizini na njia ya kwenda majini kabla ya Machi, usingoje matope.

Chumvi pia. Anaihitaji mara kadhaa kuliko ng'ombe, kwa hiyo jiwe la chumvi lisikosekane zizini.

Unapokamua, mlete ndama anyonye kidogo kwanza, la sivyo mama huzuia maziwa. Kamua chuchu mbili, mbili mwachie ndama: mimba ni kama miezi 13, kumpata mwingine si kesho. Maziwa yatie kwenye kopo la alumini lililooshwa kwa maji ya moto. Mtungi wa plastiki uliobeba mafuta ya kupikia hautakati, hata usugue vipi.