Namna ya kupima kama roketi iliyopo inaweza kupeleka watu mwezini

Kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniuliza kwa nini watu wasipande tu roketi ya Falcon Heavy kwenda mwezini. Tulifungua LibreOffice Calc, programu ya majedwali ya hesabu, tukapiga hesabu. Vikokotoo vya intaneti achaneni navyo, vinatoa jibu bila kuonyesha njia.

Hatua ya 1. Andika uzito unaofika kwenye obiti ya chini, yaani njia ya kuizunguka Dunia kwa karibu: chombo pamoja na injini na mafuta ya kukisukuma hadi mwezini. Falcon Heavy: tani 63,8, mradi vipande vyote vitatu vya chini vitupwe, visirudi kutua.

Hatua ya 2. Kasi ya kuongeza ili kutoka hapo kwenda mwezini: takriban kilomita 3,15 kwa sekunde.

Hatua ya 3. Kasi ya gesi inayotoka kwenye injini. Hapa ndipo jioni yote iliishia. Watengenezaji huandika sekunde: injini ya RL10, inayochoma hidrojeni, ina karibu 460. Usiziingize hivyo hivyo! Zidisha kwa 9,81, gawa kwa 1000, upate kilomita 4,5 kwa sekunde. Halafu kompyuta zetu Lubumbashi ziko kwa Kifaransa: ukiandika 3.15 kwa nukta, Calc haioni namba, inaona maandishi. Kijana akasema: «Mwalimu, mashine imekufa.» Haijafa. Tazama kisanduku: namba hukaa kulia, maandishi kushoto. Na siku ukigeuza hesabu ya Hatua ya 4 kutafuta kasi, tumia LN, logi ya asilia. LOG itakupunguzia jibu zaidi ya mara 2.

Hatua ya 4. =63,8/EXP(3,15/4,5) inatoa tani 31,7, uzito unaobaki baada ya mafuta kuungua. Mafuta yaliyoungua ni tani 32,1. Tangi tupu na injini mimi huzikadiria sehemu moja ya kumi ya hayo. Zitoe, zinabaki tani 28,5 za chombo.

Hatua ya 5. Linganisha. Orion, chombo cha NASA cha kubeba watu, ina kama tani 26,5: inaingia. Ndiyo maana mwaka 2019 NASA ilichunguza wazo hilo, ingawa Artemis I, safari ya kwanza ya Orion kwenda mwezini, iliruka na SLS, roketi ya NASA yenyewe, mwaka 2022. Ukiongeza chombo cha kutua kama cha Apollo 11, tani 15, hesabu inakataa. Saturn V, roketi ya Apollo, ilibeba vyote kwa safari moja. Kwa roketi za leo napendelea mirusho miwili: chombo cha kutua kitangulie kusubiri mwezini, watu wafuate.

Usibadilishe Orion kwa Dragon, chombo kinachopeleka watu obiti ya chini, ili kuokoa tani: kurudi kutoka mwezini ni kilomita 11 kwa sekunde, kutoka obiti ya chini ni karibu 7,8, na ngao ya joto inajua tofauti hiyo.

Hatua ya 6. Hidrojeni huchemka kwenye nyuzi −253, kwa hiyo kila saa ya kusubiri inakula mafuta. Weka 60 badala ya 63,8 kwenye Hatua ya 4, uone: juu ya Orion inabaki nafasi isiyofika kilo 300.