Feni ya Laptopu Isiyonyamaza: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Feni Mpya

Feni ya laptopu huzunguka kwa amri. Ndani ya mashine mna vipimajoto vidogo vinavyofuatilia joto la prosesa, yaani kijenzi kinachofanya hesabu zote za mashine, na kadiri joto hilo linavyopanda ndivyo feni inavyoamriwa kuongeza kasi. Kwa hiyo feni inayovuma kutwa nzima mara nyingi haina kasoro yoyote, bali inatekeleza kazi iliyopewa, na mwenye mashine anapaswa kujiuliza joto hilo linatoka wapi, au ni kitu gani kinalizuia lisitoke nje. Jambo hili ni la kuzingatia mapema, kwa kuwa katikati ya jiji la Nairobi si vigumu kubadilishiwa feni kwa muda mfupi kabla mtu yeyote hajapima chochote, na feni hiyo mpya ikavuma vilevile jioni ya siku iyo hiyo.

Anza kwa kusikiliza. Mvumo wa upepo unaopanda kazi inapozidi na kushuka kazi inapopungua ni sauti ya feni nzima inayopambana na joto. Sauti ya kukwaruza, ya kutatarika au ya kugongagonga ni jambo jingine: ama beringi ya feni, yaani sehemu inayoshika mhimili wake unaozunguka, imelika, ama kuna waya, unywele au uchafu unaogusa mapanga yake. Namna rahisi ya kutofautisha ni kuinua laptopu taratibu na kuiinamisha upande mmoja, kisha upande wa pili, ukiwa umeishika imara. Sauti ikibadilika kulingana na mwinamo, au ikisikika tangu mashine inapowashwa ikiwa bado ya baridi, feni yenyewe ndiyo ya kushukiwa. Iwapo ni upepo tu, fuata hatua zinazofuata kwa mpangilio wake, kwani za mwanzo hazigharimu hata shilingi.

Kwanza, angalia mahali laptopu inapokaa. Nyingi huvuta hewa kupitia matundu ya chini na kuitoa ubavuni au nyuma, na matundu hayo huzibwa kabisa na godoro, mto, blanketi au mapaja ya mtumiaji. Iweke juu ya meza ngumu, na ukipenda inua sehemu ya nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ili hewa ipate njia. Vibao vya kupozea vyenye feni za ziada vinavyouzwa madukani husaidia kidogo, lakini havifui dafu ikiwa njia za hewa za ndani zimeziba, na mara nyingi huongeza kelele juu ya kelele.

Hali ya hewa ya Nairobi isisingiziwe sana. Ni kweli kwamba jiji liko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwamba hewa yetu nyepesi hubeba joto kidogo kuliko hewa nzito ya Mombasa kwa kila mzunguko wa feni. Hata hivyo, ubaridi wa jiji hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Laptopu inayovuma asubuhi ya mwezi wa Julai, wenyewe wakiwa wamejifunika masweta na haifanyi kazi yoyote ya maana, ina sababu nyingine.

Sababu hiyo huenda ikawa ni programu. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha upange orodha kwa kubofya safu ya CPU, yaani prosesa. Mashine iliyotulia, dakika kadhaa baada ya kuwashwa, kwa kawaida hutumia chini ya asilimia 10 ya uwezo wa prosesa. Ukiona programu moja imeshikilia asilimia 30 au zaidi huku wewe hufanyi lolote, umempata mshukiwa. Mara nyingi ni kivinjari kilichofunguliwa kurasa nyingi mno, au ukurasa mmoja wenye video na matangazo yanayocheza bila kukoma.

Wengi wetu huunganisha laptopu na intaneti ya simu kwa muda mfupi, tena kwa kubana bando, jambo linaloyafanya masasisho ya Windows yarundikane. Siku mashine inapopata Wi-Fi ya ofisini au ya mkahawani, huanza kupakua, kusakinisha na kukagua mafaili yote kwa pamoja, na feni hulia kwa saa kadhaa. Dawa yake ni kuiacha ikiwa imechomekwa kwenye umeme na kuunganishwa na intaneti isiyopimwa kwa bando usiku mmoja, imalize shughuli zake, badala ya kuizima katikati kila mara na kuilazimisha kuanza upya.

Kuna pia programu za kichinichini zinazotumia prosesa ya mtu mwingine kuchimba sarafu za kidijitali, ambazo husafiri ndani ya nakala za programu na michezo zilizovunjwa kinga. Baadhi hujificha kwa ujanja: feni inavuma, unafungua Task Manager, na ghafla kila kitu kinatulia. Ukikutana na hali hiyo zaidi ya mara moja, fanya ukaguzi kamili kwa Windows Security, ukichagua ule unaofanyika kabla Windows haijawaka, na uondoe programu yoyote ya wizi uliyowekewa pamoja na mashine. Kwenye kompyuta za Apple, kazi ya Task Manager hufanywa na Activity Monitor. Wenye MacBook Air zenye prosesa ya M1, iliyotolewa mwaka wa 2020, hawahusiki na makala hii, kwani mashine hizo hazina feni kabisa.

Baada ya hapo, pima joto. Programu za bure kama HWMonitor na Core Temp huonyesha nyuzijoto za prosesa, na kipimo hicho ndicho kinachoamua hatua inayofuata. Mashine iliyotulia huwa kati ya nyuzi 40 na 55 hivi. Ikifanya kazi nzito, nyuzi 80 hadi 90 si ajabu. Ikikaribia 100, prosesa nyingi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na hapo ndipo laptopu huanza kukokota. Joto likiwa juu na kazi ikiwa nyingi, tatizo ni programu. Joto likiwa juu ilhali kazi ni kidogo, joto halitoki, na chanzo ni vumbi au kukauka kwa pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa. Joto likiwa chini huku feni ikivuma, kagua mipangilio.

Mpangilio mmoja huwasumbua wengi mno. Laptopu nyingi za HP za ofisini, aina ya EliteBook na ProBook, zina kipengele ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kiitwacho “Fan Always On while on AC Power”, kinachoifanya feni izunguke wakati wote mashine inapokuwa kwenye chaja. Bonyeza F10 mara kwa mara mashine inapowaka, kitafute kipengele hicho, ukizime na uhifadhi mabadiliko. Ikiwa feni yako hunyamaza mara tu unapochomoa chaja, anzia hapa. Kwenye ThinkPad za Lenovo na Latitude za Dell, programu za watengenezaji wenyewe huwa na hali ya utulivu ya kuchagua. Pia, katika mipangilio ya kina ya umeme ya Windows, pale ambapo “Maximum processor state” inaonekana, kuishusha kutoka 100 hadi 99 huzuia prosesa nyingi kurukia kasi yake ya juu kabisa. Anayeandika barua hatahisi tofauti. Anayehariri video ataihisi sana.

Sasa vumbi, ambalo Nairobi halina msamaha, hasa kwa wanaoishi kando ya barabara za murram na maeneo yenye ujenzi, na hasa katika miezi ya kiangazi ya Januari na Februari. Feni hulivuta, na vumbi hukwama baada ya feni, kwenye vibati vyembamba vya shaba au alumini vinavyotoa joto nje. Huko hugandamana na kuwa kama kipande cha blanketi, hewa isipite, na feni ikavuma bure.

Kabla ya kufungua, zima laptopu kabisa, si kuilaza tu, na chomoa chaja. Kama sehemu ya chini imevimba au kibodi imeinuka, usiendelee: hiyo ni dalili ya betri iliyofura, na inapaswa kuondolewa na fundi kabla ya jambo lingine lolote. Fungua skrubu kwa bisibisi ndogo inayoziingia sawasawa, na uzipange kwenye karatasi kulingana na mahali zilipotoka, kwa sababu urefu wake hutofautiana na skrubu ndefu mahali pa fupi hupasua bodi. Tenganisha kifuniko kwa kadi ya plastiki kuukuu, kisha chomoa waya wa betri kutoka kwenye bodi. Njia bora ni kuondoa feni yenyewe, ambayo kwa kawaida hushikwa na skrubu mbili au tatu, ndipo unyofoe utando wa vumbi kwa kibanio na kupangusa mapanga kwa brashi laini. Ukitumia kopo la hewa, zuia mapanga kwa kidole yasizunguke, kwani kuzungushwa kwa nguvu huharibu beringi. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa mate ni maji. Na tafadhali usiipeleke kwenye kompresa ya kujazia magurudumu upepo: hewa yake ina nguvu mno na hubeba maji na mafuta.

Pesti ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba, ndiyo inayosahauliwa zaidi. Laptopu nyingi zinazouzwa hapa kwa jina la ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, zilikwisha kutumika ofisini kwa miaka kadhaa kabla ya kufika, na pesti yake hukauka na kupasuka. Kuibadilisha huhitaji kulegeza skrubu zenye namba kwa kufuata kinyume cha namba hizo, kusafisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na kuweka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na mafuta. Vipande laini vinavyofanana na mpira juu ya vijenzi vingine virudishwe vilipokuwa, visibadilishwe kwa pesti. Kama mikono yako haijazoea kazi hii, mpe fundi, ila uketi naye akiifanya.

Feni inayokwaruza, na ambayo haina kitu kinachoigusa, hubadilishwa. Tone la mafuta ya cherehani huipa muda kidogo tu. Unapokwenda kununua, beba namba iliyo kwenye kibandiko cha feni ya zamani. Jina la laptopu pekee halitoshi, maana modeli moja huweza kuwa na feni tofauti kulingana na kama ina kadi ya picha ya ziada. Linganisha idadi ya pini za plagi na upande ambao waya hutokea. Kabla ya kulipa, iwashe mashine palepale mezani pa fundi, fungua video kadhaa kwa wakati mmoja ili feni ipande hadi kasi yake ya juu, kisha zifunge zote na usubiri uone kama itashuka.