Somo: Kupiga picha za mandhari ufukweni Matema, kwa wanaoanza

Kila baada ya sikukuu napokea picha zilezile kutoka Matema, ufukwe wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa, pamoja na swali lilelile: kwa nini anga limetoka jeupe na milima imetoka nyeusi? Naandika jibu hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeuliza ataelekezwa kwenye somo hili.

Hatua ya 1. Futa lenzi kwa kitambaa laini na kikavu.

Hatua ya 2. Chagua saa. Milima ya Livingstone iko mashariki, kwa hiyo asubuhi jua huchomoza nyuma yake na upande tunaouona hubaki kivulini. Alasiri, jua linapoelekea magharibi, ndipo makorongo na misitu ya miteremko huonekana vizuri. Anayetaka milima apige alasiri, na anayetaka umbo jeusi la mvuvi na mtumbwi wake aamke mapema.

Hatua ya 3. Nyoosha upeo. Washa mistari ya gridi, kisha ilinganishe na mstari wa maji upande wa kusini ambako ziwa liko wazi. Usiufuate ufuo unaopinda kuelekea chini ya milima, kwani huo huonekana umeinama hata kamera ikiwa sawa.

Hatua ya 4. Weka kitu cha karibu mbele ya picha, kama jiwe au mtumbwi, na uiname. Mwenye mtumbwi aombwe ruhusa.

Hatua ya 5. Pima mwanga. Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Kamera haijui kwamba mlima ni mweusi. Hukisia kwamba kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani, hivyo milima yenye giza ikijaza fremu, huongeza mwanga na mawingu yanaungua, yaani yanatoka meupe tupu. Sehemu iliyoungua kabisa haina taarifa yoyote ndani yake, na hakuna programu itakayoirudisha, ilhali sehemu yenye giza, hasa ukihifadhi faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaibana), mara nyingi huweza kuinuliwa, yaani kuangazwa wakati wa kuhariri. Kwa hiyo pima kwenye mawingu. Kwa simu nyingi, gusa wingu angavu, shikilia hadi mwanga ufungwe, kisha telezesha kidole chini kidogo. Kwa kamera, anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi f/8 au f/11, punguza fidia ya mwanga (alama ya +/−) kwa kiwango kimoja, piga, kisha tazama histogramu, yaani mchoro wa mgawanyo wa mwanga, giza likiwa kushoto na weupe kulia. Mchoro ukirundikana kwenye ukingo wa kulia, punguza tena.

Tahadhari: kioo cha kutazamia picha hudanganya juani, hivyo amini histogramu. Usipunguze kupita kiasi, kwa sababu vivuli vikiinuliwa sana huota chembechembe. Na wingu likifunika jua, pima upya.

Hatua ya 6. Zamisha miguu ya stendi mchangani, kwani wimbi huchimba chini yake. Maji yanayoonekana laini huhitaji shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya robo sekunde hadi sekunde moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mafinga: Mwalimu, naomba setingi tu, sina muda wa kusoma yote.
Jibu: Hatua ya 5.

Mwanachama wa Uyole: Nimefuata kila kitu na anga bado ni jeupe. Nadhani kamera ni mbovu.
Jibu: Picha uliyoambatisha inaelekea mashariki, imepigwa asubuhi, na mwanga umepimwa kwenye mlima. Hatua ya 2 na ya 5 zimeyaeleza hayo. Kamera usiisingizie.

Mwanachama wa Iringa: Shikamoo mwalimu. Matema ni ziwa. Je, nikienda Bagamoyo somo hili litanifaa?
Jibu: Marahaba. Litakufaa, ila ongeza mambo mawili. Baharini maji hupwa na kujaa, kwa hiyo uliza saa zake kabla hujaweka stendi. Na rasharasha za bahari zina chumvi, hivyo jioni futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu.

Mwanachama wa Njombe: Je, filta ya polaraizi inasaidia kuonyesha mawe yaliyo chini ya maji?
Jibu: Swali zuri, dada. Inasaidia, kwa kuwa hupunguza mng'ao wa juu ya maji. Izungushe taratibu huku ukitazama hadi mawe yajitokeze. Angani nguvu yake ni kubwa zaidi jua likiwa ubavuni mwako, na kwa lenzi pana anga linaweza kutoka na doa jeusi upande mmoja. Pia filta hula mwanga, kwa hiyo shata itakuwa ya polepole zaidi.

Mwanachama wa Tukuyu: Mimi nikishuka kutoka huku kwenye baridi, lenzi hujaa ukungu.
Jibu: Kioo baridi kikikutana na hewa ya joto yenye unyevu ya kule ziwani, mvuke huganda juu yake. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la Kyela, iliko Matema, wala usibadilishe lenzi wakati huo, maana unyevu utaingia ndani.

Mwanachama wa Mafinga: Nimesoma sasa. Simu yangu haifungi mwanga nikishikilia kidole.
Jibu: Vizuri, ndugu. Fungua sehemu ya kitaalamu ya kamera ya simu, kama ipo, upunguze fidia ya mwanga humo. Kama haipo, elekeza simu angani zaidi, ili ardhi ibaki theluthi moja tu ya fremu.