Somo: Kupanga likizo ya pwani kutoka Mwanza pale kimbunga kinapotajwa baharini

Ndugu wanachama, habari za kazi.

Mwaka huu tena wengi wenu mmependekeza kwamba chama chetu cha safari kielekee pwani mwezi Aprili, shule zikiwa zimefungwa na bei za vyumba Unguja na Mafia zikiwa zimeshuka kwa sababu ya masika. Sina ugomvi na bei nafuu, kwani mimi ndiye katibu ninayehesabu michango yenu. Hata hivyo, Aprili na Mei ndiyo miezi ambayo pwani yetu imewahi kukaribiwa na vimbunga vinavyokumbukwa: kile kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili; Kenneth kiliingia kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019, kusini kidogo tu ya mpaka wetu; Jobo kilififia kilipoisogelea pwani yetu Aprili 2021; na Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024.

Hicho cha mwisho kilitukuta tisa kati yetu tukiwa Dar es Salaam na mabegi yetu, tukisubiri kuvuka kwenda Unguja, huku safari za boti zikiwa zimesimamishwa. Tulilala gesti siku nne kwa fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti, na nyumba tuliyokuwa tumeilipia yote kisiwani ilikataa kuturudishia hata shilingi, kwa hoja kwamba nyumba ilikuwa wazi na sisi ndio hatukufika. Nilipoisoma upya ile karatasi ya masharti, niliona kwamba kwa mujibu wa maandishi walikuwa na haki. Kosa lilikuwa letu, na lilifanyika Mwanza, wiki tatu kabla ya kimbunga kupata jina.

Kwa hiyo jambo ninalotaka mlishike ni hili: safari yetu ni mnyororo wa ndege au basi hadi Dar es Salaam, kisha boti, kisha chumba, na kiungo kinachokatika kwanza ni kile cha baharini, ambacho kiko mbali kabisa na sisi. Uamuzi wa kwenda au kutokwenda ni lazima ufanyike tukiwa bado nyumbani, kwa kukiangalia kiungo hicho, wala si kwa kuangalia kama jua linawaka Capri Point hapa Mwanza.

Hatua ya kwanza ni masharti, kabla ya kutoa fedha yoyote. Mwenye nyumba aulizwe kwa maandishi, na majibu yake yahifadhiwe pamoja na risiti. Ujumbe ninaoutumia sasa ni huu, nanyi mnaweza kuunakili: "Endapo Mamlaka ya Hali ya Hewa itatoa tahadhari ya kimbunga kwa eneo lenu, au usafiri wa majini ukasimamishwa katika siku tulizoweka nafasi, je, mtatuhamishia tarehe bila gharama ya ziada, na nafasi hiyo itadumu kwa miezi mingapi?" Angalieni kwamba sikuomba kurudishiwa fedha. Mwenye nyumba ndogo akiombwa fedha hujihami, lakini akiombwa tarehe nyingine mara nyingi hukubali, hasa katika miezi ambayo vyumba vyake vimelala vitupu. Mtangulizieni sehemu ndogo ya malipo, na iliyobaki ilipwe mkifika. Boti ilipwe mwisho kabisa.

Tiketi ya ndege ina somo lake peke yake. Nauli za chini kabisa kwa kawaida hazirudishwi, ila nyingi hubadilishwa tarehe kwa ada pamoja na tofauti ya nauli, na hayo yote yameandikwa kwenye masharti ambayo tunayapita haraka tukitafuta kitufe cha kulipia. Mkishaamua kutokwenda, msikimbilie kufuta tiketi wenyewe. Shirika likifuta safari kwa sababu ya hali ya hewa, abiria huwa na nguvu ya kudai safari nyingine au nauli yake. Abiria akifuta mwenyewe saa chache kabla, anakuwa amejiondolea nguvu hiyo. Lakini pia msikae kimya hadi ndege iondoke, kwa maana asiyetokea bila taarifa huhesabiwa kuwa ameiacha safari, na tiketi ya kurudi inaweza kufutwa pamoja na ya kwenda. Pigeni simu au fikeni ofisini siku moja kabla, mbadilishe tarehe kama ada inavumilika.

Hatua ya pili ni kujifunza kusoma taarifa. Kwetu Kiswahili neno kimbunga hubeba mizigo mingi: upepo unaozunguka na kuezua mabati pale Misungwi tunauita kimbunga, na dude la mamia ya kilomita linalotoka Bahari ya Hindi tunaliita hivyo hivyo. Hili la pili huanza kama mgandamizo mdogo wa hewa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi. Upepo wake ukifikia kilomita 63 kwa saa hupewa jina, na ukifikia kilomita 118 kwa saa huhesabiwa kuwa kimbunga kamili. Kwa hiyo jina pekee halimaanishi maafa, na ukosefu wa jina haumaanishi usalama, kwa kuwa mvua ya mgandamizo mdogo inaweza kukata barabara vilevile.

Taarifa ya kufuata ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutumia rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Ukitaka kuona zaidi, kituo cha kikanda kinachofuatilia vimbunga vya upande wetu wa bahari kiko kisiwa cha Réunion, nacho hutoa taarifa kila baada ya saa 6 kwa saa za kimataifa. Ongezeni saa 3: taarifa ya 06:00 ni ya saa tatu asubuhi yetu, ya 12:00 ni ya saa tisa alasiri, ya 18:00 ni ya saa tatu usiku, na ya 00:00 ni ya saa tisa usiku, ambayo hamna haja ya kuiamkia. Hutoka muda kidogo baada ya saa hizo. Kwenye ramani mtaona umbo linalopanuka kama tarumbeta mbele ya kimbunga. Upana huo si ukubwa wa kimbunga, ni mahali ambapo kitovu chake kinaweza kupita, na hupanuka kwa sababu utabiri wa siku ya tano una shaka kuliko wa kesho. Mvua na upepo hutoka nje ya mipaka ya umbo hilo.

Jambo moja ambalo ramani haisemi wazi: katika nusu yetu ya dunia kimbunga huzunguka kufuata mwendo wa saa. Kikija kutoka mashariki kuelekea pwani yetu, upande wa kusini wa kitovu ndio unaosukumiwa upepo na maji ya bahari kuelekea nchi kavu. Aliyeko kaskazini ya kitovu hayuko salama moja kwa moja, lakini aliyeko kusini yake ana sababu zaidi ya kuondoka ufukweni.

Hatua ya tatu ni ratiba ya maamuzi, na hii tuiandike kabla ya safari, vichwa vikiwa vimetulia. Siku 7 kabla ya kuondoka, katibu aangalie kama kuna mgandamizo wowote unaotajwa. Kama upo, hakuna malipo mapya. Siku 5 kabla, kama pwani tunakokwenda imo ndani ya lile umbo la tarumbeta, niwaandikie wenye nyumba kuomba tarehe mbadala, bila kufuta chochote. Siku 3 kabla ndiyo siku ya kukata shauri: kama rangi ni ya chungwa au nyekundu kwa mahali tunapokwenda au kwa mkondo tunaouvuka, hatuondoki Mwanza. Baada ya hapo hakuna kura nyingine, hata kama saa chache baadaye mtu atatuma picha ya Kizimkazi, kule Unguja, kukiwa shwari. Kwa wanaosafiri kwa basi siku hizo 3 ni muhimu zaidi, kwani safari inapita Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, ni zaidi ya kilomita 1,000, na aliyeanza safari huona aibu kugeuka.

Hatua ya nne ni kwa wale ambao tayari wako pwani. Kama uko kisiwani na tahadhari imetolewa, vuka kurudi bara wakati boti bado zinaondoka na bahari bado inavukika. Usingoje boti ya mwisho, maana kila mtu ameipania hiyo hiyo. Ukishindwa kuvuka mapema, basi usivuke kabisa. Hama nyumba ya makuti ya ufukweni, tafuta jengo la ukuta imara lililo juu, weka maji ya kunywa ya siku kadhaa, dawa, betri ya akiba ya simu, na fedha taslimu, kwa sababu mtandao ukikatika wakala wa fedha za simu hana cha kukusaidia. Kimbunga kikipita, msikimbilie barabara. Baada ya Hidaya, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika eneo la Somanga, na waliokuwa wameshaanza safari wakakwama njiani.

Hatua ya tano ni fupi: kila safari ya pwani iwe na safari yake ya pili huku huku ziwani, iliyokwisha kupigiwa hesabu. Kisiwa cha Saanane kiko hapa mjini, Rubondo ni hifadhi ya taifa ndani ya ziwa letu, na lango la Ndabaka la Serengeti liko kwenye barabara ya Musoma. Watoto waliokwisha kufunga mabegi hawajali sana kwamba maji yaliyo mbele yao hayana chumvi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Nyegezi: "Dada katibu, mwaka 2021 tulitishwa na Jobo, tukaahirisha, na hakikuja. Je, hatupotezi fedha kwa hofu?"

Kaka yangu, ni kweli kilififia, na ni kweli tulilipa ada ya kubadilisha tarehe. Lakini siku tunayokata shauri hakuna anayejua kama kitafifia; tunachokijua ni gharama mbili, ya kuahirisha na ya kukwama. Mwaka 2021 tuliahirisha kwa ada ya tiketi tu, na likizo tuliipata baadaye. Mwaka 2024 tulikwama, tukalipa mara mbili, na likizo hatukuipata. Mimi nitaendelea kuchagua ile ya 2021.

Mwanachama wa Nansio, Ukerewe: "Shikamoo. Je, kimbunga cha namna hiyo kinaweza kutokea ziwani kwetu?"

Marahaba. Hapana. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kulizungusha wingu liwe kimbunga. Tena ziwa letu, pamoja na ukubwa wake, ni dogo kwa kazi hiyo. Lakini usilale kwa jibu hilo. Ziwa lina dhoruba zake za radi, ambazo hupenda kuja usiku na alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unapokutana juu ya maji yenye joto. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili kuliko mimi. Kwa mtumbwi wenye injini, dhoruba hiyo ya saa moja inatosha kuleta msiba, na kanuni ya kutoondoka tahadhari ikitolewa ni ile ile.

Mwanachama wa Ilemela: "Je, tukikata bima ya safari baada ya kusikia jina la kimbunga, itatulipa?"

Kwa kawaida hapana. Bima hukatwa kwa jambo ambalo bado halijajulikana. Kimbunga kikishatangazwa, kampuni nyingi hukihesabu kuwa jambo lililojulikana. Ikatwe siku ile ile ya kulipa malipo ya kwanza, na isomwe kama inalipa kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, au kama inalipa ugonjwa na mizigo tu.

Mwanachama wa Bukoba: "Binti yangu yuko Florida, anataka tumtembelee Septemba. Je, kanuni hizi zinafaa huko?"

Zinafaa, ila kalenda inageuka. Msimu wa Atlantiki huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba, kwa hiyo mama, umechagua wiki yenyewe. Huko taarifa rasmi hutolewa na kituo cha taifa cha vimbunga kilichopo Miami, na amri ya kuhama hutolewa na mamlaka za eneo. Ikitoka, mfuate binti yako bila kubishana naye. Kanuni za Marekani humpa abiria haki ya kurudishiwa nauli pale shirika linapofuta safari naye akaamua kutosafiri kabisa. Kama ruhusa yako ya kazi inakubali, omba Februari, japo ujiandae kukuta ubaridi kidogo.

Mwanachama wa Sengerema: "Na tukisogeza safari hadi Desemba, tutakuwa tumemaliza tatizo?"

Tutakuwa tumelipunguza kwa pwani yetu, lakini Desemba imo ndani ya msimu, ambao huanza Novemba. Chido kiliipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024 na kuingia Msumbiji siku iliyofuata. Aidha bei za Desemba mnazijua. Nimeomba makadirio ya vyumba kwa mwishoni mwa Juni, shule zikifungwa tena, na nitayaleta kwenye kikao cha Jumamosi pamoja na ile barua ya masharti ili kila mmoja aisome kabla ya kutoa mchango.